Anayekuja Kazini kwa Miguu Apewe Heshima Yake

(Nasaha iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, na kupangwa upya kwa ajili ya wasomaji wa jarida)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.



Amma baad. Mada niliyopewa ni mazingira mahali pa kazi. Najua wengine wenu mkisikia neno mazingira mnaanza kupiga miayo. Mnasema, ah, huyu sasa atatwambia tupande miti twende zetu. Miti ni kheri na aipande mwenye nafasi. Lakini leo nataka tuzungumze jambo ambalo kila mwenye kazi analifanya mara mbili kwa siku bila kulifikiria: kwenda kazini na kurudi. Na nataka tumzungumzie mtu ambaye kila ofisi inaye na hakuna anayemtaja: yule anayekuja kwa miguu au kwa baiskeli.

OFISI YA KIJANI NI IPI?

Siku hizi kila kampuni inataka kuitwa ya kijani. Wanapaka rangi ukuta, wanaandika bango langoni, wanachapisha fulana. Siku moja kwa mwaka wanatoka wote kupanda miche na kupiga picha. Tuseme ukweli, ndugu zangu: mche usiomwagiliwa hufa, na fulana ikichakaa huwa tambara la kupangusia meza. Basi tujiulize, uchafu wa ofisi hutoka wapi hasa?

Hapa Kenya jibu lake ni tofauti kidogo na la nchi nyingine. Stima yetu, kwa sehemu kubwa sana, hutoka katika vitu visivyochomwa: mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji ya mabwawa, na upepo wa Turkana. Takriban sehemu tisa katika kila kumi ya stima inayozalishwa nchini ni ya namna hiyo. Hii ni neema na tushukuru. Lakini petroli je? Kile kiwanda cha kusafishia mafuta pale Changamwe kilisimamisha kazi hiyo mwaka 2013. Tangu hapo petroli na dizeli zote huja zimeshasafishwa ng'ambo, zikashushwa bandarini, zikanunuliwa kwa fedha za kigeni, halafu tukazichoma tukiwa tumekaa kwenye msongamano.

Hebu tufanye hesabu ya darasa la sita. Mtu anakaa kilomita 10 kutoka kazini na ana gari dogo. Kwenda na kurudi ni kilomita 20. Kwa foleni zetu hizi, tuseme lita moja inamfikisha kilomita 10. Basi kwa siku anachoma lita 2, na kwa mwezi wa siku 22 za kazi ni lita 44. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya kaboni, ile inayoongeza joto la dunia. Zidisha: ni zaidi ya kilo 100 kila mwezi, kwa mtu mmoja, katika gari lenye viti vinne vitupu. Sasa chukua lita hizo 44 uzipige kwa bei iliyoko petroli stesheni leo, halafu umwambie mama watoto jumla yake. Naona wengine mnacheka, lakini hiyo ndiyo hesabu.

Kwa hiyo bosi akiniuliza ofisi yake ianzie wapi, nitamwambia aanzie kwenye lango la magari, na ahesabu.

WALIO KIJANI TAYARI

Na hapa ndipo penye maneno. Ukisimama langoni saa moja asubuhi utaona kuwa kuna watu katika ofisi hiyo ambao ni wa kijani kuliko meneja, kuliko mkurugenzi, kuliko yule aliyeandika lile bango. Ni mlinzi, mama wa chai, mfagizi, tarishi na kijana wa stoo. Wametoka Kisauni, Kongowea, Likoni, Magongo. Kule Nairobi wametoka Kibera wakatembea mpaka Industrial Area. Tafiti za usafiri jijini Nairobi zimeonyesha kuwa takriban safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu tu. Si kwamba watu hao wamesoma kitabu cha mazingira. Nauli imewashinda, au wameona heri ile nauli iwe unga.

Na sisi tunawatazamaje? Hebu tusemezane kwa haki. Mtu akija na gari, askari anakimbia kufungua geti. Akija kwa miguu anaulizwa, "Wewe waenda wapi?" Kijana akipata kazi, jambo la kwanza anaulizwa na jamaa zake ni gari atanunua lini. Akiendelea kuendesha baiskeli wanasema huyu mambo hayajamkalia sawa. Tumeifanya miguu, neema aliyotupa Mola, kuwa alama ya unyonge. Na hali Qur'an, katika Sura ya Al-Furqan aya ya 63, inapoanza kuwasifu waja wa Mwingi wa Rehema, sifa ya mwanzo kabisa inayotajwa ni namna wanavyotembea ardhini: kwa utulivu na bila ya kujivuna. Aliyeanza kutembea kwa majivuno ni nani? Ni mimi na wewe tuliopandishwa gari tukasahau.

Nilifanya attachment miezi mitatu katika ofisi moja hapa kisiwani. Jina lake tuliache. Kulikuwa na mzee mmoja mlinzi, anakuja na baiskeli kutoka ng'ambo ya Nyali Bridge. Baiskeli haikuwa na mahali pa kuwekwa. Akiifunga kwenye nguzo ya ua anaambiwa inaharibu sura ya mbele ya ofisi. Akaipeleka nyuma, karibu na mapipa ya taka, na huko ikaibwa taa na pampu. Akifika ametota jasho, anakwenda kujipangusa kwa kitambaa nyuma ya jenereta, halafu anavaa yunifomu na kusimama mlangoni saa kumi na mbili mfululizo. Siku ya mazingira ilipofika, wakubwa wote walikuja kupanda miti, kila mmoja na gari lake, na yeye ndiye aliyechimba mashimo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hawakumwona tu.

Hilo ndilo nataka mtoke nalo leo, hata mkisahau mengine yote. Kabla ya kumwambia mwenye gari aliache gari, mpe heshima anayekuja bila gari. Mwenye gari naye ana macho. Akiona anayetembea anadharauliwa, hatatembea, hata umpe semina mia. Akiona anayetembea amewekewa kivuli, maji na mahali pa kuoga, huenda siku moja akajaribu.

HESHIMA HIYO NI VITU GANI?

Heshima tunayoizungumza hapa inaonekana kwa macho. Nitataja vitu sita, na vyote havifiki bei ya kuchapisha fulana.

Kwanza, mahali pa baiskeli. Pawe karibu na mlango, pale askari anapopaona, pawe na paa la mabati au kivuli cha mwarobaini, na chuma imara cha kufungia kufuli. Nafasi ya gari moja yaweza kuchukua baiskeli nane au kumi. Weka na pampu moja na vifaa vya kuziba pancha. Mtu asichelewe kazini kwa sababu ya msumari.

Pili, mahali pa kuoga na kubadilisha nguo. Wengi watasema, hapa Mombasa na joto hili, nani atafika ofisini ananuka jasho? Kweli, ni udhuru wa haki, hasa wakati wa kaskazi. Lakini dawa yake ni ndogo. Tuliosoma madrasa tunakumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Pishi ile ile tunayoijua katika Zakatul-Fitri! Ni kama lita tatu tu. Kwa hiyo usiniambie ofisi haiwezi kuweka bafu mpaka ijenge bomba la maji moto. Chumba chenye mlango na kitasa, ndoo, jagi, sabuni, na msumari wa kutundika nguo. Yatosha.

Na wenye ofisi wajue kuwa hii si sadaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa, mahali pa kunawa, na mahali pa kuhifadhi nguo za wafanyakazi. Anayejipangusa nyuma ya jenereta ananyimwa haki yake.

Tatu, dada zetu. Hapa lazima tuseme wazi. Mwanamke hawezi kuambiwa tu "tembea" na basi. Atabadilisha nguo wapi? Chumba chake kiwe peke yake na kifungwe kwa ndani. Atatoka kazini saa ngapi? Kama zamu inakwisha saa mbili usiku, ofisi impe usafiri wa kumfikisha, maana usalama wake ni mbele kuliko kaboni yoyote. Na wale wanaotaka kutembea asubuhi watoke kwa makundi, majirani wawili watatu, wasindikizane. Wengi wanafanya hivyo tayari. Ofisi iwasaidie kwa kupanga zamu za wanaokaa mtaa mmoja zilingane.

Nne, saa za kazi. Anayetembea akipewa ruhusa ya kuingia saa moja na kutoka saa tisa, anatembea kwenye baridi ya asubuhi na anafika kwake jua halijazama. Dereva naye akipewa saa hizo anakwepa foleni na anachoma mafuta kidogo. Hakuna gharama hapo ila kalamu ya bosi.

Tano, posho. Ofisi nyingi zinampa mwenye gari nafasi ya kuegesha bure, kivuli na askari wa kulilinda, na pengine mafuta juu yake. Anayekuja kwa miguu anapata nini? Kama kuna posho ya usafiri, wote waipate sawasawa, na mwenye kutembea azile zake bila kuulizwa risiti. Au asaidiwe kununua baiskeli kwa mkopo wa ofisi usio na riba, akatwe kidogo kidogo kwenye mshahara.

Sita, wanaokaa mbali. Hatuwezi kumwambia mtu wa Mtwapa au Kitengela atembee mpaka mjini. Huyo apande matatu, ashuke kituo kimoja au viwili kabla, amalizie kwa miguu. Au wenzake watatu wa njia moja waungane katika gari moja wagawane mafuta. Zile kilo 100 tulizozihesabu zinagawika kwa watatu pale pale. Na wawekeane miadi, si kungojana kila asubuhi mpaka ugomvi.

UTASEMA: NA AJALI JE?

Mzazi mmoja ameniuliza swali hili kabla hata sijaanza, na ana haki. Mwaka 2024 watu zaidi ya 4,700 walifariki katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wanaotembea kwa miguu. Hao ni baba na mama na watoto wa shule. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikawahimiza watu watembee halafu ninyamaze kuhusu barabara.

Barabara nyingi tumezijenga kana kwamba nchi nzima ina magari. Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sera ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti za barabara kwa ajili yao na kwa usafiri wa umma. Ahadi ni nzuri. Lakini tembea leo njia ya miguu, utakuta gari limeegeshwa juu yake, bodaboda inapita, kokoto zimemwagwa. Hapa Mombasa, anayevuka Likoni kwa miguu hupanda feri bila malipo, na mwishoni mwa mwaka 2020 serikali ilizindua daraja la kuelea la Liwatoni kwa ajili ya watu wa miguu. Kwa hiyo serikali inajua kuwa watu hawa wapo. Kazi yetu ni kuikumbusha.

Na kuna sehemu ya ofisi na ya kila mmoja wetu. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa imani ina matawi mengi, na tawi la chini kabisa ni kuondoa chenye kuudhi njiani. Mwenye duka, bidhaa zako zikijaa njia ya miguu, unamsukuma mtoto wa watu aingie barabarani mbele ya lori. Mwenye ofisi, wageni wako wakiegesha magari juu ya njia ya miguu, ni wewe wa kuwazuia. Karo la maji taka lililokosa kifuniko mbele ya geti lako, lifunike. Na wewe mwenye baiskeli, funga taa mbele na nyuma, vaa koti la kung'aa kabla ya mapambazuko na baada ya Magharibi, usipite upande usio wako, na usizibe masikio kwa vipokea sauti vya simu. Tawakkul haiondoi breki.

NDANI YA OFISI

Sasa tuingie ndani, kwa ufupi, kwa sababu haya wengi mnayajua.

Joto. Kabla ya kuja kwa kiyoyozi, babu zetu wa Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa walijenga kwa mawe ya matumbawe, kuta nene, dari za juu, na vyumba vyembamba kwa kadiri ya urefu wa boriti za mikoko. Njia wakaziacha nyembamba ili nyumba hii iitilie kivuli nyumba ile na mtu atembee bila kuungua. Walifanya biashara humo, waliandika hesabu na kusomesha. Ofisi zetu leo ni za vioo, jua linaingia, halafu tunawasha mashine kulitoa. Kama umekwisha kujenga, basi weka mapazia, panda mti upande wa magharibi, fungua madirisha asubuhi, tumia feni, na kiyoyozi ukikiwasha kiache nyuzi 25 au 26. Ukikishusha mpaka 18 unalipa stima na bado mnavaa sweta. Hata jengo kubwa la ofisi za Umoja wa Mataifa kule Gigiri, lililofunguliwa mwaka 2011 likiwa na paneli za sola za mita za mraba 6,000 juu ya paa, limejengwa kwa kutegemea kwanza mwanga wa jua na hewa inayopita. Wenye fedha wamerudi kule kule kwa babu zetu.

Taa. Taa moja ya LED ya wati 9 hutoa mwanga kama ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Na taa yoyote ikizimwa haili kitu.

Maji. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde unadondosha matone 86,400 kwa siku. Weka ndoo chini yake usiku, asubuhi utaona. Na hapa nawasema hasa sisi tunaoswali ofisini: tunafungua mfereji mpaka mwisho, tunakunja mikono, tunaongea, maji yanakwenda. Wenzetu wasiokuwa Waislamu wanatuona. Tutawahubiria nini kuhusu israfu? Jagi moja latosha.

Taka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tukadhani hatutaishi. Si tuliishi? Vikapu vikarudi. Tena sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inazitaka ofisi nazo zitenganishe taka za chakula na taka kavu. Mapipa mawili tu, lenye maganda na lenye karatasi na chupa. Na mwezi huu, ofisi zinazofuturisha wafanyakazi, jamani, ile desturi ya sahani na vijiko vya kutupa tuiangalie tena. Futari ya watu 40 inaacha gunia zima la plastiki kwa sababu hakuna aliyetaka kuosha vyombo. Azimeni sahani msikitini. Wekeni maji kwenye mitungi, badala ya chupa moja moja. Na vijana wa kiume waoshe, mikono haitadondoka.

SISI VIJANA TUSIO NA OFISI

Najua wengi wenu mnasema, haya yote ni ya mabosi, sisi hata kazi hatuna. Sikilizeni. Duka la baba ni mahali pa kazi. Madrasa ni mahali pa kazi, ina ustadhi na ina mwenye kufagia. Hata saluni, gereji na kioski cha mama ni mahali pa kazi. Na ukipata attachment kesho, utaingia ofisini ukiwa mdogo kuliko wote, lakini kuna jambo moja laweza kufanywa na mdogo kuliko wote: kuhesabu.

Chukua karatasi. Wapitie wafanyakazi wote, kuanzia bosi mpaka mlinzi, kwa adabu, ukiwaamkia wakubwa shikamoo. Waulize maswali matatu. Unakujaje kazini? Inakuchukua dakika ngapi? Ni kitu gani kimoja kikiwepo kingekurahisishia kuja kwa miguu au kwa baiskeli? Andika majibu bila majina. Utashangaa. Pengine robo ya ofisi inatembea na bosi hakuwahi kujua. Pengine wenye magari matatu wanakaa mtaa mmoja na hawajuani. Pengine watu kumi wamejibu neno moja: bafu. Ukimpelekea bosi karatasi hiyo umempa kitu cha kufanya, na ni vigumu kwake kusema hapana kwa ndoo na jagi. Baada ya miezi mitatu, hesabu tena. Haba na haba hujaza kibaba.

Wazazi, nanyi mna kazi. Mtoto anayekaa nusu kilomita kutoka madrasa apelekwe kwa miguu, mzazi au kaka yake akimshika mkono mpaka azoee njia. Msimtolee gari kwa ajili ya kumwonyesha jirani. Anayezoea kutembea utotoni haoni haya kutembea akiwa na cheo. Na afya ni yenu pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kiasi kwa wiki. Kutoka Kongowea mpaka katikati ya kisiwa ni kilomita nne hivi. Kwa baiskeli ya mwendo wa pole ni kama dakika 20. Kwenda na kurudi siku nne tu, hizo 150 umezipita, na hujalipa hata senti ya jimu. Sukari na presha zinazotumalizia wazee wetu zinaogopa miguu.

KATIKA MWEZI HUU

Mwingine atasema, haya sawa, lakini si katika Ramadhan, nimefunga. Sikuambii ukimbie ukiwa na saumu saa nane mchana. Miaka hii mwezi unatukuta katika joto la kaskazi, na mwili una haki juu yako. Lakini angalia. Umekula daku, umeswali Alfajiri, jua bado, barabara tupu. Hiyo ndiyo saa ya kutembea, na maji ya daku bado unayo mwilini. Jioni, kama umechoka, panda matatu bila haya. Mgonjwa, mjamzito na mzee wasijilazimishe. Anayeweza aanze na siku moja kwa wiki, tuseme Ijumaa, aende Jumaa kwa miguu kutoka kazini. Tuliosoma fadhila za hatua za kuendea msikitini hatuhitaji kuambiwa zaidi.

Na mwezi ukiisha, tusirudi tulikotoka. Idi itafika, tutavaa, tutatembea kwenda kuswali, mitaa itajaa watu kwa miguu, matajiri na maskini bega kwa bega, na hakuna atakayemuuliza mwenzake gari lake liko wapi. Tunaweza hivyo siku moja, tunaweza na Jumatatu.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kila mtu, yaani na yule mlinzi na mama wa chai. Tuanze na wao.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) atukubalie saumu zetu, awarehemu waliotangulia, awalinde wote walioko njiani wakienda kutafuta riziki ya halali, wa miguu na wa vyombo, na atujaalie tuwe wenye kuondoa udhia njiani wala tusiwe sisi ndio udhia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ramadhan Karim.